Mtandao wa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Viwango vya Mawimbi na Utandazaji wa Kebo

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba, mpangaji na fundi anayetaka intaneti ifike kila chumba bila kubahatisha. Yanazingatia nyumba za Afrika Mashariki kama zilivyo: kuta za tofali za saruji, nguzo na sakafu za zege lenye nondo, paa la bati, banda la uani, na zile nyumba za mawe za mwambao ambazo kuta zake zinaweza kufika nusu mita au zaidi kwa unene.

Nimelipia kifurushi cha kasi kubwa, lakini chumbani video inakwama. Nianzie wapi?

Anza kwa kutenganisha kasi inayoingia nyumbani na kasi inayofika kwenye kifaa chako, kwa sababu hayo ni mambo mawili yenye dawa tofauti. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, zima vifaa vingine, kisha pima kasi. Baada ya hapo pima kwa Wi-Fi ukiwa karibu na ruta, na mwisho pima ukiwa chumbani penye tatizo. Ikiwa kwa waya unapata kasi uliyolipia, mtoa huduma ametimiza sehemu yake na tatizo limo ndani ya nyumba. Ikiwa hata kwa waya kasi ni ndogo, usinunue kifaa chochote kabla mtoa huduma hajakagua laini yake. Wengi huruka hatua hii, wakapandisha kifurushi mwezi baada ya mwezi, ilhali kinachohitajika ni kebo moja ya mita 20.

dBm ni nini, na kwa nini namba zake ni hasi?

Ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, kinachohesabiwa kwa desibeli, ikilinganishwa na miliwati 1. Sifuri dBm ni miliwati 1 kamili, na namba hasi humaanisha nguvu iliyo chini ya hapo, wala si kwamba mawimbi hayapo. Kila zinapopungua desibeli 3, nguvu hubaki nusu. Zinapopungua 10, hubaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo −70 dBm ni dhaifu mara kumi kuliko −60 dBm, na ni dhaifu mara elfu moja kuliko −40 dBm. Anayeona tofauti kati ya −60 na −70 kuwa ndogo hataelewa kwa nini simu inafanya kazi vizuri mlangoni na kushindwa kitandani.

Kiwango gani cha Wi-Fi kinatosha?

Ukiwa chumba kimoja na ruta utaona namba kati ya −30 na −50, na hapo hakuna la kulalamikia. Kwa simu za video, mikutano ya kazini na televisheni ya intaneti, lenga −67 dBm au namba iliyo karibu zaidi na sifuri mahali unapokaa hasa. Kati ya −70 na −75 ujumbe na kurasa za kawaida hupita, lakini sauti ya mkutano huanza kukatika. Ikifika −80, simu itaonyesha kwamba imeunganishwa huku hakuna kinachopita.

Namba hiyo peke yake haitoshi. Kuna pia kelele ya redio, ambayo mahali patulivu huwa karibu na −95 dBm na hupanda katika majengo ya ghorofa yenye ruta nyingi. Linalotakiwa ni pengo kati ya mawimbi na kelele, nalo lisipungue desibeli 25 ikiwa unataka kasi nzuri. Ndiyo maana mtu wa Kariakoo au Eastleigh anaweza kusoma −60 na bado akapata huduma mbovu, wakati mtu wa shambani anasoma −70 na mambo yake yanakwenda.

Nitapimaje bila kununua vifaa vya gharama?

Simu ya Android inatosha, kwa kuwa zipo programu za bure za kuchanganua Wi-Fi zinazoonyesha dBm, chaneli (njia ya redio ambayo kila ruta inatumia) na majina ya mitandao ya majirani. Kwenye iPhone, programu ya AirPort Utility huonyesha viwango hivyo baada ya kuwasha kichanganuzi chake katika mipangilio ya simu. Kwenye kompyuta ya Mac, bonyeza alama ya Wi-Fi huku umeshikilia kitufe cha Option, nawe utaona kiwango cha mawimbi na cha kelele pamoja.

Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, kisha pima pale panapotumika: juu ya kitanda, kwenye meza ya kusomea, jikoni, barazani. Funga milango kama inavyofungwa usiku. Kaa nusu dakika kila mahali, kwa sababu namba hupanda na kushuka, kisha geuka upande wa pili, maana mwili wa mtu nao huzuia mawimbi. Andika namba mbili kwa kila sehemu, moja ya gigahezi 2.4 na nyingine ya gigahezi 5, bendi mbili za redio zinazotumiwa na Wi-Fi. Karatasi hiyo itakuongoza kuliko ushauri wa muuzaji yeyote.

Kwa nini mawimbi hufia njiani katika nyumba yangu?

Kwa sababu kila ukuta hutoza ushuru wake. Mlango wa mbao hupunguza takriban desibeli 3 au 4, ukuta wa tofali za saruji uliopigwa plasta huweza kupunguza 10 au zaidi, na sakafu ya zege lenye nondo hupunguza 15 hadi 20, na hata kuzidi. Fanya hesabu ndogo: ikiwa sebuleni unapata −40 dBm, kuta mbili za tofali zitakufikisha kwenye −60 na kidogo, na ukuta wa tatu utakuvusha −70. Mawimbi ya gigahezi 5 hubeba data nyingi zaidi lakini hupita ukutani kwa shida kuliko ya gigahezi 2.4, hivyo nyumba yenye vyumba vingi huishia kutegemea 2.4 iliyojaa majirani.

Chuma na maji ndivyo vizuizi vibaya kuliko vyote. Ruta iliyowekwa nyuma ya jokofu, ndani ya kabati la chuma, nyuma ya kioo kikubwa cha kujitazamia au chini ya tangi la maji imefungwa jela. Bati la paa halina madhara kwa vyumba vilivyo chini yake, lakini anayetaka mawimbi yatoke ndani ya nyumba kuu yaingie kwenye banda lililoezekwa na kuzungushiwa mabati atakata tamaa. Na katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Lamu au Mombasa ya kale, ukuta mmoja wa mawe ya matumbawe na chokaa unaweza kumaliza karibu kila kitu. Humo usipoteze muda na kitu kingine zaidi ya kebo.

Je, ruta yenye nguvu zaidi au antena nyingi itaondoa tatizo?

Mara nyingi haitaondoa. Mazungumzo ya Wi-Fi ni ya pande mbili, na simu nyingi hutuma kwa nguvu ndogo kuliko ruta. Ukiongeza nguvu ya ruta, simu itaisikia vizuri zaidi, lakini ruta haitaisikia simu zaidi ya ilivyokuwa ikiisikia jana. Matokeo yake ni mistari mingi juu ya kioo cha simu na ukurasa usiofunguka. Antena ndefu nazo hazizalishi nguvu, bali huikusanya upande wa mlalo na kuipunguza juu na chini, jambo ambalo kwa nyumba ya ghorofa huenda likawa hasara.

Na vile vifaa vidogo vya kurudufu mawimbi vinavyochomekwa kwenye soketi ya umeme?

Vinasaidia pale ambapo kebo haiwezekani kabisa, kwa mfano kwa mpangaji aliyekatazwa kutoboa ukuta. Lakini kifaa kinachopokea na kutuma kwa redio ileile hugawa kasi karibu nusu kwa nusu, kwa kuwa hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Tena watu hukichomeka chumbani penye −80, wakitarajia kitengeneze mawimbi mazuri kutokana na mabovu. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo bado unasoma −65 au namba iliyo karibu zaidi na sifuri.

Njia iliyo bora ni ipi, basi?

Peleka kebo hadi sehemu ya nyumba isiyofikiwa, kisha funga kisambazaji cha Wi-Fi (access point) mwishoni mwake. Kebo haijali ukuta, haijali jirani, na ikifungwa vizuri itadumu zaidi ya ruta kadhaa. Kwa nyumba ya vyumba vitatu ya chini, ruta moja sebuleni na kisambazaji kimoja kwenye korido ya vyumba kwa kawaida hutosha. Kwa ghorofa, weka angalau kimoja kila sakafu. Kifunge darini au juu ya ukuta wa korido, si chini ya meza.

Vyote vipe jina moja na nywila moja, lakini chaneli tofauti: kwa gigahezi 2.4 tumia 1, 6 au 11 tu, zenye upana wa megahezi 20, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Kisha punguza nguvu ya kutuma. Ushauri huu huwashangaza wengi, lakini visambazaji vikipiga kelele kwa nguvu zote, simu itang'ang'ania kile cha sebuleni hata mtu akiwa amelala chini ya kile cha chumbani. Punguza mpaka eneo la kimoja likutane na la kingine kwenye −67 dBm hivi.

Ninunue kebo ya aina gani?

Kebo ya mtandao ya daraja la Cat6, ya shaba tupu, inatosha kwa nyumba takriban zote. Cat5e hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na Cat6 hufanya hivyo pia, na kwa masafa yasiyozidi mita 55 huweza kupitisha gigabiti 10. Cat6A hufikisha gigabiti 10 kwa mita 100, lakini ni nene, ngumu kupinda na ghali, na ni nadra kupata sababu ya kuitumia nyumbani.

Hapa inabidi kukaza neno. Madukani kumejaa kebo ya alumini iliyopakwa shaba, na boksi lake la mita 305 huuzwa kwa bei ya kuvutia. Wakati mwingine limeandikwa herufi CCA pembeni kwa maandishi madogo, na wakati mwingine halikuandikwa chochote. Kebo hiyo haikidhi viwango vya Cat5e wala Cat6, vinavyotaka shaba. Ukinzani wake ni takriban mara moja na nusu ya ule wa shaba, hivyo ukipitisha umeme wa kuendeshea kamera au kisambazaji, waya hupata joto na kifaa cha mwisho hukosa nguvu. Alumini hukatika ikipindwa mara chache, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani huliwa haraka pale ilipokwanguka.

Kuitambua si kazi ngumu. Menya waya mmoja, ukwangue taratibu kwa makali ya kisu: shaba itabaki nyekundu mpaka ndani, lakini ile nyingine itaonyesha weupe wa fedha baada ya kukwangua kidogo. Tazama pia ncha iliyokatwa kwa koleo, utaona moyo mweupe uliozungukwa na utepe mwembamba wa rangi ya shaba. Inua na boksi, kwa kuwa la alumini ni jepesi waziwazi. Fanya hivyo dukani kabla ya kulipa, na muuzaji anayekataa umenye sentimita 5 za ncha amekwishakujibu.

Najenga. Nitayarishe nini kabla ya plasta?

Huu ndio wakati wa thamani kuliko wote. Kutindua ukuta uliokwisha kupakwa rangi ili kuzika bomba ni gharama, vumbi na ugomvi, wakati bomba la konduti la milimita 25 likiwekwa pamoja na mabomba ya umeme halikugharimu hata sehemu ndogo ya bei ya mlango mmoja. Chagua sehemu moja ya kukutania, kwa mfano kabati la korido lenye soketi ya umeme na hewa ya kutosha, kisha toa bomba moja kutoka hapo kwenda nyuma ya televisheni, meza ya kusomea, dari ya korido ya kila sakafu, geti, na pembe za nje zitakazokuwa na kamera. Toa jingine kwenda pale ambapo faiba, yaani kebo ya kioo inayobeba data kwa mwanga, itaingilia kutoka nguzoni.

Tumia kona za mviringo mpana badala ya zile za pembe kali, usiweke kona zaidi ya mbili kabla ya boksi la kuvutia, na acha kamba au waya wa kuvutia ndani ya kila bomba. Zibeni midomo ya mabomba kwa karatasi au kifuniko, kwa maana saruji ya plasta ikiingia na kukauka, kazi yote imekwenda bure. Kwenye kila sehemu vuta kebo mbili, si moja.

Kebo ya mtandao inaweza kupita bomba moja na umeme?

Hapana, na sababu ya kwanza ni usalama wa watu. Ganda la kebo ya mtandao halikutengenezwa kuzuia volti 230. Zitenge kwa angalau sentimita 20 zinapokwenda sambamba, na pale zinapolazimika kukutana, zivukane kwa pembe mraba.

Ni mambo gani fundi huharibu wakati wa kuvuta na kubana vichwa?

Kebo ya mtandao huishi kwa msokoto wake: nyaya nane zimesokotwa jozi nne, na kila jozi ina kasi yake ya msokoto ili isiingiliane na jirani. Ukivuta kwa nguvu za watu wawili, msokoto hulegea. Kikomo ni kama uzito wa kilo 11. Ukipinda, mviringo usiwe mwembamba kuliko mara nne ya unene wa kebo. Ukifunga kwa vibana vya plastiki, visiminye ganda.

Kwenye kichwa, yaani plagi ya mwisho wa kebo, usifumue msokoto zaidi ya milimita 13. Mpangilio uliozoeleka kwa mafundi wengi wa huku ni T568B: mweupe-machungwa, machungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Mpangilio wa T568A nao ni halali, mradi ncha zote mbili zifanane. Kosa baya ni lile la kupanga rangi kwa jozi zinazofuatana, moja baada ya nyingine, sawasawa ncha zote. Kipimio cha bei nafuu kitawasha taa zote nane za kijani, kwa kuwa kila waya umefika, lakini jozi zimevunjwa na kebo ndefu itapoteza data bila sababu inayoonekana. Ndani ya ukuta usimalizie kwa kichwa. Malizia kwa soketi ya mtandao, kisha tumia waya mfupi wa kuunganishia.

Kompyuta inaonyesha megabiti 100 wakati kila kitu ni cha gigabiti 1. Kwa nini?

Gigabiti 1 huhitaji jozi zote nne, ilhali megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, za pini 1, 2, 3 na 6. Waya mmoja wa jozi nyingine ukiwa haujashika, vifaa hushuka kimyakimya. Bana upya vichwa vyote viwili kabla ya kulaumu ruta.

Nataka kupeleka mtandao kwenye nyumba ya pili uani. Nivute Cat6 hewani?

Usivute, hasa ikiwa unaishi ukanda wa Ziwa Viktoria au mashariki mwa Kongo, maeneo yenye radi nyingi mno. Shaba inayounganisha majengo mawili yenye ardhi tofauti za umeme huwa njia ya radi kuingia ndani, na radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga mti wa jirani inatosha kuchoma swichi ya mtandao, ruta na televisheni kwa pamoja. Tumia faiba, ambayo haipitishi umeme, na vigeuzi viwili vidogo vya kubadili mwanga kuwa umeme wa data na kinyume chake, mwanzo na mwisho. Angalia tu kwamba kebo nyingi za faiba za kutundika zina waya wa chuma wa kubebea: huo utenganishwe na kuishia nje, kwenye ndoano, usiingie ndani ya nyumba.

Kiwango cha mwanga wa faiba kinapaswa kuwa kiasi gani?

Ingia kwenye ukurasa wa kifaa chako cha faiba, utafute nguvu ya mwanga unaopokelewa. Kwa mitandao ya GPON, ambamo faiba moja ya mtoa huduma hugawanywa kwa nyumba nyingi, na ambayo ndiyo aina iliyoenea sana majumbani, vifaa vingi vimetengenezwa kupokea kati ya −8 na −27 dBm. Namba kati ya −15 na −24 ni nzuri. Ikishuka chini ya −25, huduma inaweza kwenda leo na kukatika kesho joto au mvua ikibadilika, na una haki ya kumwita fundi wa mtoa huduma hata kama intaneti bado ipo.

Mfano wa hesabu huonyesha mwanga unakopotelea. Kituo kikituma +3 dBm, kilomita 5 za faiba hula desibeli 1 na kidogo, vigawanyo vya mwanga vya nyumba 32 hula takriban 17.5, viunganishi vinne hula kama 1.2, na maungio ya kuyeyusha sita hula kama 0.6. Nyumbani itafika karibu −17.5 dBm. Ukisoma −26 wakati jirani wa nguzo ileile anasoma −18, desibeli 8 zimepotelea kati ya boksi la nguzoni na meza yako: aghalabu ni uchafu kwenye ncha, kona kali nyuma ya kochi, au kichwa cha kijani kilichochomekwa kwenye tundu la bluu. Vichwa vya kijani vimechongwa kwa mshazari wa nyuzi 8 na vya bluu ni bapa, kwa hiyo havioani hata vikiingia.

Taa nyekundu ya kifaa cha faiba iliyoandikwa LOS (mwanga haufiki) inawaka. Naweza kufanya nini mwenyewe?

Kagua kama waya mwembamba wa faiba haukupindwa, kukanyagwa na mguu wa kiti au kutafunwa na panya. Hakikisha kichwa kimeingia mpaka mwisho. Usiguse ncha kwa kidole, usiipulize kwa pumzi, na usiichungulie kamwe, kwa sababu mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini unaweza kulidhuru. Ikiwa taa haikuzimika, kazi iliyobaki inahitaji mashine ya kuunganishia.

Umeme ukikatika, intaneti lazima ikatike?

Si lazima. Katika mitandao ya GPON vigawanyo vya mwanga vya njiani havitumii umeme, kwa hiyo laini hubaki hai mradi kituo cha mtoa huduma kina umeme wa akiba. Kifaa cha faiba na ruta nyingi hutumia volti 12, na betri ndogo ya akiba inayolingana na volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta itaviendesha kwa saa kadhaa. Ukitumia swichi ya PoE, inayopeleka umeme kwa visambazaji na kamera kupitia kebo ileile ya data, betri moja kubwa ndani ya kabati la korido itaendesha mtandao mzima wa nyumba. Kabla ya kuinunua, jumlisha wati za kila kifaa kinachotegemea swichi hiyo.